Kwenda Berlin na watoto: namna familia ya Kikongomani inaweza kupanga safari kwenye mji ambako Kongo iliwekwa mezani

Mwishoni mwa mwaka 1884, wajumbe wa nchi 14 walikusanyika kwenye nyumba moja ya mji wa Berlin, Ujerumani, wakakaa humo zaidi ya miezi 3 wakizungumzia mto Kongo na biashara yake. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyealikwa. Leo, mtoto wa Kikongomani aliyezaliwa Bruxelles, Liège, Lille au Köln anaweza kupanda treni asubuhi na jioni akawa kwenye mji ule ule.

Wazazi wengi wa diaspora wanatamani kuwapeleka watoto wao huko wakati wa congé. Lakini maswali ni mengi: karatasi gani zinaombwa? Pesa zitaenda wapi? Mtoto wa miaka 4 atafanya nini kwenye mji wa historia? Na pengine lililo gumu kuliko yote: mkisimama mbele ya mahali palipofanyiwa mkutano ule, mtamwambia mtoto nini?

Tumekusanya hapa mambo ambayo mzazi anahitaji kujua kabla ya kununua tiketi. Ili hesabu ieleweke, tuchukue mfano wa familia ya watu 5: papa, mama, na watoto wa miaka 4, 7 na 10.

Kwa nini Berlin?

Berlin ni mji mkuu wa Ujerumani, wenye wakaaji zaidi ya milioni 3 na nusu. Wengi wetu tunaujua kwa sababu ya Hitler, vita vya pili vya dunia, na ukuta uliougawa mji kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 hadi tarehe 9 Novemba 1989. Kwa mwenye watoto wadogo, mji huu una faida nyingine. Ni mpana, una bustani nyingi, karibu kila mtaa una kiwanja cha watoto kuchezea, na historia yake mtoto anaweza kuiona kwa macho bila kusomewa kitabu.

Mfano mmoja: Berlin ina bustani mbili kubwa za wanyama. Ile ya kwanza, Zoo, ilifunguliwa mwaka 1844 na ndiyo ya zamani zaidi katika Ujerumani. Mji ulipogawanyika baada ya vita, Zoo ilibaki upande wa magharibi. Watu wa mashariki wakafungua ya kwao mwaka 1955, inaitwa Tierpark. Mwambie mtoto wa miaka 7 kwamba hapa palikuwa na mji mmoja uliokatwa vipande viwili, na kila upande ukataka kuwa na tembo wake. Ataelewa mara moja.

Kwa Mkongomani kuna sababu nyingine. Jina la Kongo liko Berlin kwenye vitabu, kwenye nyumba za makumbusho na hata kwenye kibao cha barabara. Mtoto anayesikia kila siku kwamba nchi ya wazazi wake ni vita na ukimbizi ana haki ya kujua pia namna nchi hiyo ilivyoingia kwenye karatasi za wakubwa wa dunia.

Karatasi kwanza, tiketi baadaye

Kosa linalogharimu familia pesa nyingi ni kununua tiketi kabla ya kuangalia karatasi za kila mtu, mtoto kwa mtoto.

Kwa wanaoishi Ubelgiji, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen: mwenye pasipoti ya Kongo iliyo hai pamoja na kadi ya ukaaji iliyo hai anaweza kuingia Ujerumani bila viza nyingine na kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Lakini msidanganyike kwamba hakuna mipaka. Tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi wanaweza kuingia ndani ya treni au basi kuuliza vitambulisho. Mtoto naye anaulizwa. Wale waliopata uraia wa Ubelgiji wawatengenezee watoto walio chini ya miaka 12 Kids-ID kwenye komine, na wafanye hivyo wiki kadhaa kabla ya safari. Mtoto ambaye bado ana uraia wa Kongo, nendeni komine mkaulize wazi: "Karatasi hii aliyo nayo inamruhusu kutoka na kurudi?" Jibu hilo ndilo linaamua kama safari ipo au haipo. Anayesubiri jibu la ombi la ukimbizi aongee kwanza na mwanasheria wake, maana kuvuka mpaka kunaweza kuharibu dosye yake.

Kwa wanaotoka Kongo: hapa njia ni ndefu. Viza ya Schengen inaombwa kwenye nchi ambako mtalala siku nyingi zaidi. Ombi linaweza kuwekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Familia yetu ya mfano italipa euro 270, bila kuhesabu ada ya ofisi inayopokea dosye. Pesa hizo hazirudishwi mkikataliwa. Kwa mtu wa Goma, Uvira, Bunia au Bukavu, ongezeni na safari ya kwenda kuweka dosye, mara nyingi Kinshasa, jambo ambalo siku hizi ni gumu na ghali kuliko ada yenyewe.

Dosye ya mtoto inaomba mambo ambayo ya mtu mzima haiombi: hati ya kuzaliwa na ruhusa ya wazazi wote wawili. Kama mama anasafiri peke yake na watoto, barua ya baba iliyothibitishwa na ofisi ya serikali ni ya lazima, na kama baba alikufa, hati ya kifo. Kila msafiri anahitaji pia bima, ile tunaita asiransi, inayofika euro 30.000 za matibabu. Tangu Oktoba 2025 kuna utaratibu mpya mpakani: anayeingia Schengen kwa viza anapigwa picha ya uso na kuandikwa kwenye kompyuta. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, lakini picha wanapigwa. Jiandaeni kupanga mstari, na mtoto awe amekula. Msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana wakati wa kurudi Kongo itaombwa kwa yeyote aliyefika miezi 9.

Wanaoishi Ubelgiji waombe kwa mutuelle yao kadi ya Ulaya ya matibabu, moja kwa kila mtu, hata mtoto mchanga. Haina malipo. Mtoto akipata homa Berlin usiku, kadi hiyo ndiyo itafungua mlango wa hospitali bila ugomvi wa pesa. Namba ya dharura ni 112.

Treni, basi au gari?

Kutoka Bruxelles hadi Berlin ni zaidi ya kilometa 700 kwa barabara. Njia ni tatu.

Treni ya mchana inapitia Köln. Bruxelles hadi Köln ni karibu saa 2, kisha mnabadilisha na kuendelea kwa zaidi ya saa 4. Uzuri wake uko kwenye bei ya watoto. Kwenye treni za mbali za Ujerumani, aliye chini ya miaka 6 hahitaji tiketi, na wa miaka 6 hadi 14 anasafiri bure pamoja na mzazi, mradi aandikwe kwenye tiketi wakati wa kununua. Mkisahau kumwandika, mtalipa. Kumbukeni kwamba kampuni ya treni inaweza kubadilika kati ya Bruxelles na Köln, na si kila kampuni ina sheria hiyo ya watoto. Someni kabla ya kulipa. Jambo lingine: tiketi haina kiti ndani yake. Kiti kinahifadhiwa kwa pesa nyingine, na tangu Juni 2025 ile bei ya pamoja kwa familia iliondolewa, kwa hiyo familia ya watu 5 inalipia viti 5. Ni vizuri kulipa. Kusimama saa 4 na mtoto wa miaka 4 siku ya Ijumaa jioni si safari, ni adhabu.

Tangu 2023 kuna pia treni ya usiku kati ya Bruxelles na Berlin, yenye vitanda. Watoto wanaipenda sana, na mnaokoa usiku mmoja wa hoteli. Lakini haiendi kila siku, na nafasi zinaisha mapema.

Basi ni la bei ya chini, ila ni usiku mzima wa kukaa. Kwa gari, jueni mambo mawili: mtoto aliye chini ya miaka 12 na urefu chini ya sentimeta 150 lazima akae kwenye kiti chake maalumu, na kuingia katikati ya Berlin kunahitaji kibandiko cha kijani kwenye kioo kinachoonyesha kwamba gari halichafui sana hewa.

Mkifika, acheni gari. Mji una metro, treni za mji, tramu na basi, zote kwa tiketi moja. Umegawanywa katika sehemu tatu, A, B na C. Tiketi ya AB inatosha kwa karibu kila kitu, isipokuwa uwanja wa ndege, ulio sehemu C. Watoto walio chini ya miaka 6 hawalipi, wa miaka 6 hadi 14 wanalipa bei iliyopunguzwa. Metro ya Berlin haina vizuizi vya kuingilia kama ile ya Bruxelles. Unapita tu. Lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kisanduku kabla ya kupanda, na wakaguzi wanavaa nguo za kawaida. Asiyegonga anahesabiwa kama asiye na tiketi: faini ni euro 60, na "sikujua" haisaidii.

Wapi kulala, nini kula

Tafuteni chumba chenye jiko. Familia ya watu 5 ikila nje mara tatu kwa siku, pesa za siku 4 zitaisha siku ya pili. Mtaa wa Wedding, kaskazini ya katikati ya mji, ni wa wafanyakazi na wahamiaji wengi. Bei ya vyumba mara nyingi ni nafuu kuliko katikati, kuna maduka ya Kiafrika na ya Kituruki, na metro namba U6 inawapeleka katikati bila kubadilisha. Kwenye bei ya chumba mji unaongeza kodi ya wageni ya asilimia 7,5. Ulizeni kama imeshahesabiwa.

Siku ya Jumapili maduka yote yanafungwa, isipokuwa machache kwenye vituo vikubwa vya treni. Nunueni maziwa, mkate na pampers Jumamosi. Maji ya robine ni salama kunywa, kwa hiyo kila mtoto abebe chupa yake. Vyoo vingi vya nje vinalipiwa.

Kuna mchezo mmoja utakaowafurahisha watoto. Ukinunua soda ya chupa ya plastiki au ya kopo, unalipa senti 25 zaidi. Ukirudisha chupa tupu kwenye mashine ya duka, unapewa karatasi ya kuchukua senti zako. Mpeni mtoto wa miaka 10 kazi hiyo na pesa ziwe zake. Hatawasumbua tena kuomba glasi ya barafu.

Majira nayo muyafikirie. Sisi tumezoea jua kuzama saa 12 jioni mwaka mzima. Berlin mwezi wa Desemba giza linaingia hata kabla ya saa 10 jioni, na mwezi wa Juni mwanga unabaki hadi saa 3 na nusu usiku, na mtoto anakataa kulala kwa sababu "bado ni mchana". Mei, Juni na mwanzo wa Septemba ndizo nyakati nzuri kwa wadogo.

Mpango wa siku tatu

Kanuni ya kwanza na watoto: jambo moja asubuhi, jambo moja alasiri, basi. Anayetaka kuona kila kitu ataona watoto wakilia tu.

Siku ya kwanza ni ya kuujua mji. Pandeni basi namba 100, linaloanzia karibu na Zoo hadi Alexanderplatz. Ni basi la kawaida la ghorofa, na kwa tiketi ya kawaida mtapita karibu na majengo makubwa yote. Kaeni juu, mbele. Shukeni kwenye lango la Brandenburg, lililomalizika mwaka 1791. Juu yake kuna gari la kukokotwa na farasi wanne. Napoleon alipoushinda mji huo mwaka 1806 aliling'oa na kulipeleka Paris, na Wajerumani wakalirudisha mwaka 1814. Watoto wanafurahia hadithi ya mfalme aliyeiba farasi wa shaba. Hapo karibu ni bunge, Reichstag, lenye kuba ya kioo ambamo watu wanapanda na kuona mji wote. Kuingia ni bure, lakini lazima mjiandikishe mapema kwenye intaneti kwa majina na tarehe za kuzaliwa, na siku hiyo mbebe vitambulisho.

Siku ya pili fuateni metro U6. Asubuhi shukeni kituo cha Naturkundemuseum, kwenye makumbusho ya viumbe. Ndani ya chumba cha kwanza amesimama dinosari mwenye urefu wa mita 13 na sentimeta 27, mifupa ya juu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Mtoto wa miaka 4 atabaki mdomo wazi. Wa miaka 10 mwambieni alikotoka: Tendaguru, karibu na Lindi, katika Tanzania ya leo. Wajerumani waliichimba mifupa hiyo kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati nchi hiyo ilikuwa koloni lao. Waliochimba na kuibeba walikuwa Waafrika kwa mamia, wakitembea siku 4 na mizigo hadi bandarini. Vilivyofika Berlin ni karibu tani 230. Makumbusho hayo yanafungwa Jumatatu.

Alasiri rudini kwenye U6, elekeeni kaskazini. Mtapita kituo kinachoitwa Leopoldplatz, na mtoto aliyesoma historia ya Kongo atauliza kama ni yule Leopold wetu. Hapana. Ni Leopold mwingine, mtawala wa Kijerumani wa Anhalt-Dessau. Shukeni kituo cha Rehberge au Afrikanische Straße. Hapo mko kwenye mtaa ambao barabara zake zina majina ya Afrika: Kamerun, Togo, Uganda, Zanzibar, Tanga. Na ndiyo, kuna Kongostraße. Mpigeni mtoto picha chini ya kibao.

Lakini msimdanganye kwamba majina hayo yaliwekwa kwa upendo. Mtaa ulipewa majina wakati Ujerumani ilijivunia makoloni, na mfanyabiashara Carl Hagenbeck alikuwa na mpango wa kuonyesha hapo wanyama na watu wa Afrika. Vita vya kwanza vya dunia vikauzuia. Wanaharakati, wakiwemo Waafrika wanaoishi Berlin, walipigana miaka mingi ili majina ya wakoloni yaondolewe. Desemba 2022 uwanja mmoja ulipewa jina la Manga Bell, mfalme wa Douala aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1914. Mwaka 2024 barabara nyingine ikaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mkichoka na vibao, bustani kubwa ya Rehberge iko hapo hapo, watoto wakimbie.

Siku ya tatu ni ya ukuta na ya Wilhelmstraße. Kwa ukuta, nendeni Bernauer Straße. Kuingia ni bure, ni mahali pa wazi penye majani, na kipande cha ukuta kimeachwa kama kilivyokuwa. Kutoka hapo si mbali kufika Brunnenstraße 193, ambako kuna jiwe dogo la shaba kwenye njia ya watu. Lina jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili Berlin na kuigiza kwenye filamu. Wanazi walimkamata mwaka 1941, akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Kabla yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili kwenye mji huo huo kuanzia mwaka 1900, na mwaka 1903 maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yakatoka kama kitabu. Mtoto anayeona haya kuongea Kiswahili mbele ya wenzake shuleni ajue kwamba lugha ya nyumbani kwao ilikuwa inafundishwa Berlin zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mbele ya Wilhelmstraße 92

Kutoka lango la Brandenburg, mkitembea taratibu na mtoto, ni kama dakika 15. Wengi wanaofika wanashangaa: hakuna jumba. Nyumba ya serikali ambamo kansela Bismarck aliongoza mkutano kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885 haipo tena. Leo kuna majengo ya kawaida ya watu kukaa, na kibao cha kumbukumbu pembeni ya njia. Kila mwaka mwishoni mwa Februari Waafrika wa Berlin na marafiki zao wanakusanyika hapo kuwakumbuka wahanga wa ukoloni.

Mwambie mtoto nini? Kwanza, ukweli. Watu wengi wanasema Afrika iligawanywa Berlin kwa rula siku moja. Si hivyo hasa. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya nchi mbili mbili na kwa bunduki. Kilichoandikwa Berlin ni kanuni: biashara huru kwenye bonde la Kongo, meli za wote kupita kwenye mto Kongo na Niger, na masharti ya kuchukua pwani za Afrika. Lakini pembeni ya meza ile, nchi moja baada ya nyingine ilikubali kuitambua bendera ya shirika la Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, ambaye mwenyewe hakufika Berlin. Mwaka 1885 akawa mtawala wa nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Aliishika kama mali yake hadi mwaka 1908, na watu wetu walilipa kwa damu, kwa ajili ya mpira na pembe za tembo.

Kwa mtoto wa miaka 4, msiseme yote. Inatosha: "Hapa watu walizungumzia mto wetu bila kutuita." Kwa wa miaka 7, tumieni shamba: majirani wamekaa ndani ya nyumba ya mmoja wao, wanapanga nani atavuna shamba la koko, na koko mwenyewe hakuambiwa. Muulizeni angefanya nini. Wa miaka 10 mpeni ramani, atafute mto kutoka Katanga hadi baharini, kisha aulize mwenyewe. Maswali yake yatakuwa mazuri kuliko hotuba yenu. Na mkiulizwa kwa nini leo bado watu wanapigania madini ya mashariki, jibuni mnachokijua. Msimwambie kwamba kila shida ya Kongo ilitoka kwenye nyumba ile, wala msimwambie kwamba haihusiki.

Wazazi wa Ubelgiji wanaweza kuanza maandalizi nyumbani, kwenye makumbusho ya Tervuren. Huko, mwaka 1897, Wakongomani 267 waliletwa kuonyeshwa kwa watu, na 7 kati yao walikufa. Mwaka mmoja kabla, mwaka 1896, Berlin ilikuwa imefanya vivyo hivyo kwenye bustani ya Treptow, ikiwaonyesha watu 106 kutoka makoloni yake. Aliyeona Tervuren ataelewa Berlin haraka zaidi.

Dakika 20 zinatosha Wilhelmstraße. Kisha wapelekeni watoto Tierpark au Zoo, wale, wacheke. Historia nzito bila mchezo inawafanya watoto waichukie.

Vya kuacha kwa sasa

Kambi ya Sachsenhausen na maonyesho ya makosa ya Wanazi yasubiri watoto wakue. Kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, yenye nguzo 2.711 za zege karibu na lango la Brandenburg, mnaweza kupita, lakini waambieni mapema kwamba ni kama makaburi: hakuna kupanda juu wala kujificha. Makumbusho maarufu ya Pergamon yamefungwa kabisa tangu Oktoba 2023. Msiyaweke kwenye mpango. Makumbusho mengine ya kisiwa kile, pamoja na yale ya ufundi yenye treni za zamani na ndege, hayawalipishi walio chini ya miaka 18.

Kwa kufupisha, kalenda ya familia iwe hivi. Miezi 4 kabla: angalieni tarehe za pasipoti, kadi za ukaaji na Kids-ID. Miezi 3 kabla: chumba na treni. Mwezi mmoja kabla: kadi za mutuelle, na majina ya familia kwenye orodha ya Reichstag. Wiki moja kabla: picha ya kila karatasi kwenye simu za wazazi wote wawili, na namba ya simu ya mzazi iliyoandikwa ndani ya koti la kila mtoto.

Kwa wale walio Goma, Bukavu au Kalemie ambao safari hii kwao ni ndoto tu kwa sasa, sehemu moja ya mpango huu haihitaji viza. Chukueni ramani ya Kongo jioni moja, mkae na watoto, muwaonyeshe mto, muwaeleze kilichosemwa Berlin na nani hakuitwa.